Gari Laini, Gari Lililotulia: Mafunzo Niliyopata kwenye Kona za Lushoto

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ni ya lami, nyembamba, ina zaidi ya kilomita 30, na sehemu kubwa yake ni kona inayofuatwa na kona nyingine. Mama yangu anaishi huko juu. Mimi naishi Dar es Salaam. Nikienda kumwona, siku moja hiyohiyo napita barabara za aina tatu: matuta na rasta (vituta vidogo vinavyofuatana) za vijijini kuanzia Chalinze mpaka Korogwe, kona za Usambara, halafu njia ya vumbi ya kufikia nyumbani. Gari linalosifiwa kwenye aina moja ya barabara hizo hulaaniwa kwenye nyingine. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikibadilisha shokapu, bushi na matairi ya gari langu, Toyota RunX, huku nikibishana na mafundi na madereva wenzangu. Haya ndiyo yaliyobaki baada ya mabishano.

1. Springi hubeba, shokapu hutuliza

Mtu anakuja gereji na gari linalodundadunda, na anachoomba ni springi ngumu. Nimelishuhudia hilo mara nyingi nikiwa kwenye benchi nasubiri zamu yangu. Fundi ninayemtegemea, mzee mmoja wa Ilala asiyependa maneno mengi, huwajibu wote vilevile: "Bosi, springi yako nzima. Aliyekufa ni yule anayeizuia."

Springi haipotezi nguvu inayoipokea. Gurudumu likipanda tuta, springi hubonyea. Ikishabonyea hutaka kurudi, na inaporudi hupitiliza, kisha hubonyea tena. Ikiachwa peke yake, gari litapanda na kushuka kama mtumbwi uliopitiwa na wimbi la meli. Anayekatisha mchezo huo ni shokapu. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu na vali nyembamba, na mwendo wote ule unageuka kuwa joto. Ukitoka kwenye njia mbaya ya vumbi, sogeza mkono karibu na shokapu: utasikia joto lililokuwa lije mgongoni kwako kama mrusho.

Wahandisi hupima ulaini wa gari kwa swali jepesi. Bodi likikandamizwa na kuachiwa, springi zingelipandisha na kulishusha mara ngapi kwa sekunde moja kama shokapu isingekuwepo? Gari la familia huwa kati ya mara 1 na 1.5. Gari la spoti hukaribia mara 2, na magari ya mashindano yenye mabawa ya kukandamizwa na upepo huenda juu zaidi ya hapo. Kinachoshangaza ni gharama ya kupanda ngazi hizo. Ili gari la mara 1 liwe la mara 2, springi zake zinatakiwa kuwa ngumu mara 4, na tofauti hiyo inalipwa na kiuno cha abiria.

Ndiyo maana watengenezaji wazuri hutafuta utulivu kwenye shokapu kabla ya kuugusa ugumu wa springi. Siri iko kwenye kasi ya pistoni. Sisemi kasi ya gari, nasema ile pistoni iliyomo ndani ya shokapu. Gari linapolala kwenye kona, au linapoinamia mbele kwa breki, pistoni husogea polepole. Gurudumu linapodumbukia shimoni au kupiga ukingo wa lami uliokatika, pistoni husogea kwa ghafla. Shokapu nzuri hukaza kwenye mwendo wa polepole ili bodi litulie, halafu vali zake hufunguka kwenye mwendo wa ghafla ili pigo la shimo limezwe. Shokapu ileile, kwenye gari lilelile, inakuwa ngumu konani na laini shimoni. Shokapu hafifu ina njia moja tu ya mafuta kupita, kwa hiyo hufanya kinyume: pistoni ikienda polepole haiizuii, ikienda ghafla inagoma. Matokeo yake ni gari linaloyumba kwenye kona na kugonga kwenye mashimo, yote mawili kwa pamoja, na mwenye gari anaishia kulaumu springi.

Kuna pia suala la kwenda na kurudi. Kwa kawaida shokapu hukaza zaidi inaporefuka kuliko inapobonyea, ili gurudumu likubali tuta kwa urahisi lakini springi isimrushe abiria wakati wa kurudi. Kukaza huko kukizidi, kwenye rasta zinazofuatana gurudumu halipati muda wa kurudi chini kabla ya rasta inayofuata. Gari linazama kidogo kidogo mpaka linakalia stopa zake za mpira, na hapo hakuna springi tena. Ukihisi gari linaanza rasta vizuri na kuzimaliza vibaya, tafuta kosa huko.

Siku hizi kuna magari ambayo kompyuta ndiyo inayoamua mkazo wa shokapu. Cadillac Seville ya 2002 ilikuja na shokapu ambazo mafuta yake yamechanganywa na chembe za chuma; umeme ukipita, sumaku inayafanya mafuta yawe mazito papo hapo. Hata baadhi ya Toyota Crown zinazotoka Japani zikiwa zimetumika zina shokapu zenye waya wa umeme. Kama unanunua gari la namna hiyo, ulizia bei ya shokapu zake kabla hujaulizia bei ya gari.

2. Kulala kwa gari si sawa na kupoteza barabara

Vijana wa magari wanaamini kwamba gari lisilolala kwenye kona ndilo linaloshika barabara. Wanachokiona ni bodi kuinama. Wasichokiona ni uzito unaohama kutoka matairi ya ndani ya kona kwenda ya nje, na hicho ndicho kinachopunguza mshiko.

Kiasi cha uzito unaohama kinategemea mambo matatu: kasi yako ukilinganisha na ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito wa gari kutoka ardhini, na upana kati ya matairi ya kushoto na ya kulia. Ugumu wa springi karibu haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ukifunga springi ngumu, gari litalala kidogo, lakini uzito utahama uleule. Faida ya ugumu ipo kwingine: gari hujibu usukani haraka zaidi, na tairi hubaki limesimama wima zaidi juu ya lami, kwa sababu bodi linapoinama sana huyapindisha na magurudumu. Kwenye lami laini kama ya uwanja wa mashindano, hiyo ni faida ya kweli.

Kwenye lami yenye viraka, hesabu inageuka. Tairi lililo hewani halishiki chochote, hata likiwa la bei gani. Niliwahi kuendesha Toyota GX 110 ya rafiki yangu, iliyoshushwa na kufungwa springi fupi ngumu, kwenye kona za juu ya Soni, njiani kwenda Lushoto. Kwenye vipande laini ilikuwa tamu: unagusa usukani, imekwisha geuka. Tulipofika kwenye kona yenye kiraka cha mawe, nyuma yote ikaruka na kusogea upande, si sana, lakini kwa kiasi cha kumnyamazisha rafiki yangu aliyekuwa anaongea. RunX yangu hupita hapohapo imelala kama mtu aliyechoka, na haitoki kwenye mstari wake. Tangu hapo ninapopima gari kwenye kona siangalii linavyoinama. Nasikiliza kama matairi yanabaki chini.

3. Mabingwa wa Safari Rally hawakushinda kwa ugumu

Anayebisha hilo la pili na atazame historia ya hapahapa kwetu. Mbio za Safari zilianza 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kawaida za vumbi, mawe na tope. Gari lililotawala miaka ya 1960 halikuwa la spoti hata kidogo: Peugeot 404, gari la familia, lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mdogo wa 404, Peugeot 504, akashinda 1975 na 1978.

Waliozipanda 504 zikiwa teksi za masafa wanakumbuka zilivyokuwa laini. Zilikuwa na springi zisizo ngumu na, jambo ambalo ni muhimu kuliko ulaini wenyewe, magurudumu yake yaliweza kupanda na kushuka kwa urefu mkubwa kabla ya kufika mwisho. Peugeot walikuwa wakitengeneza shokapu zao wenyewe badala ya kuagiza kwa kampuni nyingine, na hilo lilionekana: bodi linaelea, lakini linaelea mara moja tu, kisha limetulia.

Wafaransa walikuwa na uzoefu wa kufikiria hivyo. Citroën 2CV, iliyoonyeshwa kwa umma 1948, ilibuniwa kwa sharti kwamba iweze kuvuka shamba lililolimwa ikiwa na kapu la mayai bila yai kuvunjika. Gari lile linalala kwenye kona mpaka mpita njia anashika kichwa, na bado ni shida kulipindua. Mwaka 1955 kampuni hiyohiyo ikatoa DS, ambayo badala ya springi za chuma ilitumia gesi na mafuta yenye shinikizo, na kimo chake hakikubadilika hata ukijaza abiria na mizigo.

Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, makao yake yakiwa Naivasha, magari yalikuwa mapya kabisa lakini somo lilikuwa lilelile: timu zinazozoea kushusha magari kwa mbio za lami za Ulaya zinakuja Kenya na kuyanyanyua, kwa sababu kwenye mawe urefu wa mwendo wa gurudumu ndio mtaji.

4. Matairi ndiyo springi za kwanza

Kabla pigo la barabara halijafika kwenye springi yoyote, limeshapita kwenye ukuta wa tairi na upepo uliomo ndani. Watu hulisahau hilo wanapobadilisha rimu. Tairi la 195/65 R15 lina ukuta wa takriban milimita 127. Ukifunga rimu kubwa na tairi la 215/45 R17, kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile, lakini ukuta umebaki milimita 97. Umeondoa sentimita 3 za mpira kila upande wa rimu, na rimu nyingi kubwa ni nzito zaidi. Uzito huo hauko juu ya springi. Uko chini yake, kwa hiyo shokapu inapewa kazi kubwa zaidi ya kulirudisha gurudumu chini kila linaporuka. Mama yangu, asiyejua chochote kuhusu matairi, alipopanda gari la jirani lenye rimu kubwa alisema tu, "Mwanangu, hili linanisaga." Alikuwa amesema yote.

Simlaumu anayependa ukuta mfupi. Tairi la namna hiyo halipindi upande haraka, na usukani unakuwa mkali na sahihi. Lakini ni chaguo la mtu anayeijua barabara yake, na shimo moja la usiku linaweza kupinda rimu.

Upepo ni jambo ambalo halina gharama na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kuna imani kwamba safari ndefu inahitaji matairi yajazwe mpaka yawe magumu. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Kijapani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na takriban 32 za kwenye geji zetu. Ukijaza 40 kwenye gari la namna hiyo, tairi linavimba katikati, sehemu inayogusa lami inapungua, na kila kokoto inasikika kwenye kiti. Ukipunguza kupita kiasi, linapasha joto na usukani unakuwa mzito na mvivu. Wapo wanaoongeza springi, shokapu na maneno, wakati dawa ilikuwa kutoa upepo kidogo.

5. Bushi zilizokufa hujifanya kuwa shokapu

Bushi ni vile vipande vya mpira vinavyounganisha mikono ya magurudumu na bodi. Zina kazi mbili zinazovutana: ziwe laini ili mtetemo usipite, na ziwe imara ili gurudumu lisihame pale lilipowekwa. Zikichoka, gari linatafuta njia yake lenyewe kwenye lami yenye mikunjo, linavuta upande ukishika breki, na linagonga kwenye matuta madogo. Dalili zote hizo watu huzisingizia shokapu. Nimeona gari likibadilishiwa shokapu nne na kuondoka na kuyumba kulekule lililokuja nako.

Madukani pale Kariakoo utauziwa bushi za aina mbili. Za mpira wa kawaida zinafaa wengi wetu. Nyingine ni za plastiki ngumu, za rangi ya kuvutia, zinazosifiwa kwa kudumu. Ni kweli zinadumu na zinakaza usukani. Ni kweli pia zinaingiza kelele na mtetemo ndani ya gari. Mimi ningezifunga mbele tu, tena kama mwenye gari anajua anachokitafuta.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo wengi hawalifanyi, na nimejifunza kulisimamia kwa macho yangu. Bushi nyingi za mpira hazizunguki kwenye bolti. Zinashikwa na kujikunja. Fundi akikaza bolti gari likiwa bado limenyanyuliwa kwa jeki na magurudumu yananing'inia, bushi inafungwa ikiwa kwenye mkao usio wake. Gari likishushwa chini, mpira unabaki umejikunja siku zote, na unachanika mapema. Bolti zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. "Kaka, muda huo sina," kijana mmoja aliniambia. Nilimsubiri mpaka akapata muda.

6. Kuna chuma kinachofanya kazi kwenye kona tu

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo inazunguka tu na haiongezi ugumu wowote. Gari likilala kwenye kona, gurudumu moja linapanda na jingine linashuka, fimbo inanyongwa, na inapinga kulala. Kwa barabara yenye matuta mengi, na kama bushi na shokapu ni nzima, hiki ndicho kifaa cha kwanza ningekifikiria kwa mtu anayetaka gari litulie bila kuumiza abiria.

Nacho kina bei yake. Shimo likiwa la upande mmoja tu, fimbo nene hupeleka pigo upande wa pili, na gari linatikisa vichwa vya abiria kushoto na kulia. Vilevile, unene wake hubadilisha tabia ya gari: ukikaza zaidi mbele, gari linakuwa zito kugeuka; ukikaza zaidi nyuma, mkia unakuwa mwepesi. Wanaoendesha magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele huipenda ile ya nyuma ikiwa nene kidogo. Kidogo. Na kabla ya yote hayo, angalia linki zake: ule mgongano wa koko-koko unaousikia kwenye njia ya vumbi mara nyingi ni linki iliyoisha, na ni kati ya spea za bei nafuu chini ya gari.

7. Kushusha na kunyanyua gari ni deni

Anayeshusha gari ana hoja: kitovu cha uzito kikishuka, uzito unaohama kwenye kona unapungua. Lakini sentimita 4 alizoshusha amezitoa kwenye nafasi ya gurudumu kupanda. Ndiyo maana springi fupi lazima ziwe ngumu, la sivyo gari litakalia stopa kila tuta. Anayekata springi kwa msumeno anapata vyote viwili kwa bei ya msumeno: springi yenye mizunguko michache huwa ngumu zaidi, na sasa haikai vizuri kwenye kikalio chake. Sina la kuwatetea wanaofanya hivyo.

Anayenyanyua kwa spesa, vile vipande vya kuinulia bodi vinavyowekwa kwenye springi, anaonekana mwenye busara zaidi kwa sababu ya matuta yetu, na hapa ndipo nimebishana zaidi. Spesa haifanyi gari liwe laini. Springi ni ileile, shokapu ni ileile. Bodi tu limesogezwa juu. Kitovu cha uzito kimepanda, mikono ya magurudumu na ekseli zimekaa kwa pembe ambazo hazikukusudiwa, na nafasi ya gurudumu kushuka shimoni imepungua kwa sababu shokapu imeshaanza ikiwa imerefuka. Unaposikia kishindo cha chuma wakati gurudumu linatumbukia, hiyo ni shokapu imefika mwisho wa urefu wake. Sentimita 2 naweza kukubali kwa mtu anayeishi kwenye njia mbaya. Spesa za sentimita 5 zilizochongwa kwa plastiki, hapana. Na ukinyanyua au ukishusha, alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ifanywe upya siku hiyohiyo, la sivyo gari litakula matairi.

8. Mbele na nyuma zinatakiwa kujuana

Kila tuta linapigwa mara mbili: kwanza na magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma. Miaka ya 1930 mhandisi Mwingereza Maurice Olley, akifanya kazi General Motors huko Marekani, alibaini kwamba ikiwa springi za nyuma zina mwendo wa haraka kuliko za mbele, nyuma huiwahi mbele, na bodi linatulia likiwa limelala sawa badala ya kuendelea kunyanyua kichwa na mkia kwa zamu. Mpaka leo magari mengi ya familia hufuata kanuni hiyo. Kwa hiyo anayefunga springi ngumu mbele tu, kwa sababu ndizo zilizopatikana, ameharibu mapatano ambayo kiwanda kilitumia muda mrefu kuyatafuta. Shokapu nazo zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Mzigo unaingia hapahapa. Hiace ikiwa tupu inaruka nyuma kwa sababu springi zake, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, zimepimwa kwa ajili ya abiria na mizigo; ikijaa, inatulia. Gari dogo ni kinyume: likijazwa watu watano na magunia ya viazi vya Lushoto, nyuma inakaa, na taa zinamulika juu ya miti.

Baadhi ya Subaru Forester za vizazi viwili vya kwanza zilitatua hilo kwa shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likishatembea kidogo na mzigo. Zinapofika mwisho wa maisha yake, wengi huweka za kawaida, jambo lisilo baya, isipokuwa springi za mfumo ule ni laini kuliko za kawaida, kwa vile shokapu ilikuwa inasaidia kubeba. Ukibadilisha shokapu bila springi, gari litabaki limekaa chini nyuma. Ukienda kununua, taja yote mawili kwa pamoja.

9. Mguu wa dereva ni sehemu ya mfumo

Ukishika breki, uzito unakwenda mbele na springi za mbele zinabonyea. Ukiwa bado umeishika wakati gurudumu linapanda tuta, springi hiyo imeshatumia sehemu ya nafasi yake. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tu gurudumu halijagusa tuta. Tofauti utaisikia siku hiyohiyo bila kulipia chochote.

Na mtoto anayetapika kabla ya kufika Soni hatapikishwi na springi. Kichefuchefu cha safari huletwa hasa na miyumbo ya taratibu mno, wastani wa mmoja kwa kila sekunde 5 hivi, na hiyo ndiyo miyumbo inayotoka kwenye usukani na pedali: kukimbilia kona, kukanyaga breki, kugeuza, kukanyaga mafuta tena. Mitetemo inayouchosha mwili ukiwa umekaa ni ya kasi zaidi, kati ya 4 na 8 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kazi ya matairi, shokapu na bushi.

Kwa hiyo ukinipa gari lililochoka na fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu: upepo na matairi, kisha bushi na linki, kisha shokapu nzuri kwa jozi, kisha alaimenti, stabilaiza kama bado una hamu, na springi mwisho kabisa. Kabla hujampa mtu fedha ya springi fupi au ya spesa, pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, halafu mwombe fundi aingie chini na tochi akuonyeshe bushi moja baada ya nyingine.